Tanga Isisubiri Matanga

Mgeni anayevuka reli akitoka katikati ya jiji la Tanga hasumbuki kuuliza njia. Mitaa ya Ngamiani imenyooka kama mistari ya daftari, na barabara zake zina namba badala ya majina. Mtu akielekezwa barabara ya tano, ya kumi na mbili au ya ishirini, anafika. Nyumba nyingi zimejengwa kwa ramani ambayo pwani nzima inaijua: baraza mbele, ukumbi unaopasua katikati, vyumba kulia na kushoto, kisha uani penye jiko, bafu na choo. Mabati yameliwa na kutu ya upepo wa bahari. Chumba cha mbele, ambacho zamani alilala mwenye nyumba, mara nyingi kimetobolewa mlango wa barabarani, na leo ni saluni au duka la miamala ya simu.

Mwenye nyumba mwenyewe, kama yu hai, amehamia chumba cha nyuma. Mara nyingi ni mwanamke, mjane, aliyeolewa akaingia humo akiwa binti. Watoto wake wako Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, wengine Muscat. Vyumba vilivyobaki wanakaa wapangaji, vijana watupu: mwendesha bodaboda, mhudumu wa hoteli, mwanafunzi wa chuo, kibarua wa bandarini. Wanamwita bibi. Usiku presha ikimpanda, wao ndio wanaomkimbiza hospitali ya Bombo kwa bajaji, halafu ndipo wanapiga simu Dar.

Hivi ndivyo kizazi kinavyopokezana na kizazi katika mitaa mikongwe ya jiji hili. Vijana wapo, tena wengi, ila aghalabu si wa ukoo wa nyumba. Mwenye damu yuko mbali, mwenye ufunguo ni mpangaji, na katikati yao yuko mzee ambaye uhai wake ndio unaoishikilia nyumba isigombewe. Siku atakapofumba macho, swali la nyumba kuwa ya nani, ambalo familia ililikwepa kwa miaka thelathini, litakuja lote kwa mkupuo, mkeka wa matanga ukiwa haujakunjwa. Tanga ina sababu nzuri ya kutoliacha swali hilo lingoje hadi hapo, na sababu yenyewe inaonekana baharini.

Bandari ya Tanga, ambako kwa miaka mingi meli zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa nchi kavu kwa matishari, imechimbwa na kupewa gati la mita 450 ambalo meli kubwa inaegesha moja kwa moja. Kaskazini mwa jiji, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambapo 1,147 kati ya hizo ziko ndani ya Tanzania. Jiwe la msingi liliwekwa hapo Agosti 2017. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 wakazi wa jiji waliongezeka kutoka 273,332 hadi 393,429, yaani watu 120,000 katika miaka kumi. Mji ambao kwa muda mrefu ulisemwa kuwa umelala umeamka, na mji ukiamka, dalali ndiye wa kwanza kupiga hodi.

Anapiga hodi katika mtaa wenye historia ndefu. Watanga hutambiana kwa msemo wao wa siku nyingi, waja leo waondoka leo, lakini Ngamiani ilijengwa na watu waliokuja wasiondoke. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga kwenda Usambara, na mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yakapatikana mashamba yaliyofunika bonde lote la reli. Yalihitaji mikono mingi kuliko watu waliokuwapo, kwa hiyo mikono ikatafutwa mbali: Unyamwezi, Buha, Ungoni, Ubena, Burundi, Umakonde hadi ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha pamoja cha kuwasaka vibarua hao wa mkataba. Kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba, wakaitwa manamba.

Mkataba ulipokwisha, wengi walirudi kwao. Waliobaki walitafuta kiwanja mjini, wakaoa, wakakandika udongo na kuezeka makuti, baadaye mabati. Wakabaki na makabila yao na papo hapo wakawa Watanga. Bendi ya Jamhuri Jazz, iliyolipeleka jina la Tanga katika redio za Afrika Mashariki nzima, ilianza ikijiita Young Nyamwezi. Jina hilo peke yake ni historia ya mtaa: vijana waliozaliwa na reli na mkonge, wakipiga gitaa mji wa bahari.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000. Baada ya hapo kamba za nailoni zikashusha bei duniani, mashamba makubwa yakataifishwa mwaka 1967, uzalishaji ukaporomoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli na bandari walibaki wakidai mafao yao kwa zaidi ya robo karne, hadi makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2005. Kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kila kilipofungwa kitu, kijana mmoja zaidi alipanda basi. Wazazi walibaki, maana nyumba haibebwi.

Vijana wale hawastahili lawama. Walifuata kazi kama babu zao walivyoifuata kutoka Kigoma na Songea, na wengi wao hutuma pesa kila mwezi. Bati lililobadilishwa, dawa zilizonunuliwa, bili ya maji iliyolipwa: nyuma ya kila kimoja kuna ujumbe wa simu kutoka kwa mtoto fulani. Wasichotuma ni uamuzi. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza nyumba itakuwaje mama akiondoka, kwa sababu anayeuliza ataonekana anamtabiria kifo.

Basi tufanye hesabu ambayo familia hizo zinaikwepa. Ni mfano tu, lakini hesabu yake ni ya kweli. Baba wa Kiislamu amefariki, ameacha mjane, watoto wa kiume watatu na wa kike wanne. Nyumba imepata mnunuzi wa shilingi milioni 80. Mjane anachukua thumni, yaani milioni 10. Zinabaki milioni 70, ambazo zinagawanywa mafungu kumi, mwanamume mawili na mwanamke moja. Kila mtoto wa kiume anapata milioni 14 na kila wa kike milioni 7. Haki imetendeka kwa kila mmoja kama sheria ilivyoelekeza, na hakuna mwenye la kulalamikia kwenye karatasi.

Nje ya karatasi, mama mwenye miaka 75 amebaki na milioni 10 na hana mlango. Kwa fedha hizo hapati nyumba Ngamiani, labda kiwanja mbali na Bombo, mbali na soko la Mgandini, mbali na msikiti na mashoga zake wa miaka hamsini. Na yule binti aliyerudi nyumbani baada ya talaka, akawa anampikia mama, anamwogesha, anampangia foleni kwenye dirisha la wazee hospitalini, ameondoka na milioni 7 na jina la shukrani. Kaka aliyekuja siku mbili kutoka Dar ameondoka na mara mbili yake. Hakufanya kosa lolote. Lakini nyumba iliyowalea wote imekwisha, na fungu la kila mmoja ni dogo mno kujenga nyingine.

Kutokuuza nako kuna gharama yake. Nyumba ikiachwa bila kugawiwa na watoto wawili wa kiume wakafariki, kila mmoja akiacha mke na watoto watano, warithi wanane wa mwanzo wanakuwa kumi na wanane, wengine wakiwa wadogo shuleni, wengine hawajawahi kulala katika nyumba hiyo hata usiku mmoja. Hapo hata kubomoa choo kibovu kunataka kikao. Benki haikopeshi kwa hati yenye jina la marehemu. Fundi haanzi kazi kwa ahadi ya watu kumi na wanane. Mpangaji anakinga ndoo chini ya bati linalovuja na kodi yake inakusanywa na yule aliye karibu. Nyumba nyingi zinazoonekana kama magofu katika mitaa mikongwe hazikuchakaa kwa umaskini peke yake. Zimechakaa kwa sababu hakuna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupigilia msumari.

Hapo ndipo Ngamiani inapotofautiana na majengo ya ghorofa ya katikati ya jiji. Mengi kati ya hayo yalitwaliwa kwa sheria ya mwaka 1971 kutoka kwa wenyewe, wengi wao wenye asili ya Kihindi, yakawa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Kule mwenye mali ni mmoja, na barua moja inatosha kuamua. Ng'ambo ya reli wenye mali ni maelfu, na kila uamuzi unapitia ukoo.

Watu wa mipango miji huipenda njia ya barua moja. Mombasa, jirani wa Tanga kwa udugu na kwa biashara ya mpakani Horohoro, mtaa wa Buxton uliojengwa na serikali ya kikoloni ulianza kubomolewa mwaka 2021 na ghorofa zikapandishwa mahali pake. Dar es Salaam, wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa kwenye nyumba zao, wakakaa nje ya mtaa takriban miaka kumi, na majengo mapya yalizinduliwa Machi 2022. Kurudi kwao ni jambo jema, na serikali ilitimiza ahadi. Lakini miaka kumi kwa kijana ni muda wa kujipanga upya, na kwa mtu aliyeondoka akiwa na miaka 68 ni maisha yote yaliyobaki. Mtaa wa wazee haubomolewi kwa kalenda ya vijana.

Kuna jambo lingine ambalo mipango ya miji huwa hailioni, nalo ni kodi ya vyumba. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni ya serikali bila kuulizwa alifanya kazi wapi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee tangu miaka 60 na imefungua mlango wa matibabu bila malipo kwa asiye na uwezo, jambo ambalo limesaidia wengi. Haimpi pesa ya unga. Kwa mjane wa manamba au wa kuli wa bandarini, vyumba vitatu vya kupangisha ndiyo pensheni yake, na inalipwa kila mwezi bila ofisi yoyote kuhusika. Nyumba ikiuzwa, pensheni hiyo inakufa siku hiyohiyo.

Sensa ya 2022 ilihesabu wazee wapatao milioni 3.5, asilimia 5.7 ya Watanzania wote. Kwa nchi ya vijana hiyo ni sehemu ndogo, na ndiyo maana ni rahisi kuisahau. Lakini wazee hawakutawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Wamejaa katika mitaa iliyojengwa walipokuwa na nguvu, na upanuzi wa jiji unaelekea kwingine, Kange, Pongwe, Mabokweni, ambako wafanyakazi vijana wananunua viwanja na kuanza msingi. Hivyo vijana wanajenga mahali ambapo maji, barabara na zahanati vinawafuata taratibu, ilhali karibu na hospitali ya mkoa na bandari, mahali ambapo babu zao walikwishalipa gharama ya kuanza, kuna nyumba zilizofungwa kwa kufuli la mirathi.

Kufuli hilo lina ufunguo, tena zaidi ya mmoja. Wa kwanza uko mikononi mwa wazee wenyewe. Sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na familia nyingi za Ngamiani, haikumwacha mzee bila la kufanya. Inamruhusu kutoa hiba akiwa hai na kuikabidhi. Inamruhusu kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi, kwa mfano mjukuu aliyemlea. Inamruhusu kuiweka nyumba wakfu, isiuzwe wala isigawanywe, wanufaike nayo aliowataja. Pwani ya Afrika Mashariki imetumia wakfu kwa karne nyingi, na nyumba kadhaa zimevuka vizazi kwa njia hiyo. Familia za Kikristo na zinazofuata mila zina wosia wa maandishi wenye mashahidi. Mzee anayesema kuandika ni uchuro anastahili kusikilizwa kwa heshima, kwa kuwa hofu yake ina msingi: amewahi kuona jirani aliyemwandikia mtoto nyumba akaishia kuondolewa chumbani kwake. Ndiyo maana maandishi yafanywe mbele ya shekhe au padri, mbele ya mjumbe, mbele ya watoto wote, na haki ya mzee kukaa humo hadi mwisho wa uhai wake iwe mstari wa kwanza kabisa.

Ufunguo wa pili uko mahakamani. Mirathi inayofuata Uislamu au mila huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi akishateuliwa anatakiwa kuleta orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Wengi huishia hapo kwenye kuteuliwa. Barua ya usimamizi huwekwa kabatini pamoja na cheti cha kifo, na miaka inapita. Msimamizi hajui aanze wapi kuhamisha jina kwenye hati, hana nauli ya kuwafuata warithi, au anaona ni salama zaidi kutogusa kitu. Halmashauri ya Jiji, mahakama na ofisi ya ardhi hazihitaji sheria mpya ili kukaa meza moja na kumsaidia mtu huyo amalize safari.

Wa tatu umekaa kwenye vitabu tangu mwaka 2008, pale Bunge lilipopitisha sheria inayoruhusu sehemu moja ya jengo kuwa na hati yake yenyewe. Inatumika sana kwenye maghorofa ya kuuza ya Dar es Salaam. Kiwanja cha Ngamiani chenye warithi wanane kinaweza kubeba nyumba ya ghorofa mbili au tatu, mama akibaki chini na mlango wake wa barazani, binti aliyemtunza akapata sehemu yake yenye hati, wengine wakachukua zilizobaki wapangishe au wauziane. Milioni 7 isiyotosha kununua kiwanja inatosha kuwa mchango wa ujenzi. Kinachokosekana ni mkopo wa muda mrefu, na mtu anayeweza kuwasimamia warithi wanane hadi paa likamilike.

Atakayesema hilo ni kubwa mno kwa jiji la mkoani aangalie mabomba ya maji. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikwenda kwenye soko la hisa la Dar es Salaam na hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka kumi, ikapata fedha za kupanua huduma yake. Haikungoja bajeti ya serikali kuu. Mji ulioweza kuwashawishi wawekezaji wakopeshe mabomba unaweza kuwashawishi wakopeshe paa, hasa paa lililoko dakika chache kutoka kwenye gati jipya.

Wakati nao upo, na hauhitaji kutangazwa. Idd ikikaribia, stendi ya Kange hujaa mabegi. Wanarudi wa Dar, wa Arusha, wa Mombasa, na kwa siku tatu vyumba vya Ngamiani vinalaza watu hadi ukumbini. Ndugu saba ambao mwaka mzima wanaonana kwenye kundi la simu wanakula sinia moja, mama akiwa katikati yao, hai, mwenye akili timamu na la kusema. Meza ya mirathi ya jiji ikifunguliwa ofisi ya mtaa asubuhi ya Idd pili, karani mmoja wa ardhi, mmoja wa mahakama na shekhe wa mtaa, familia itafika kwa miguu. Mama ataulizwa yeye kwanza anataka nini, na jibu lake litaandikwa kabla mabasi hayajaondoka Idd tatu.